Kiongozi Aliyetandikiwa Godoro

Niliondoka Unguja kwenda Maskati kwa sababu ya simu moja. Binamu yangu Zuwena, aliyepoteza macho ukubwani, aliniambia: "Nataka kwenda Sur kumwona Khala Shekha. Wote wananiambia mbwa nimwache nyumbani. Nikimwacha, nitakwenda kama mzigo." Khala Shekha ni dada wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea. Mimi shule niliiacha darasa la sita na tangu hapo sikai pahala pamoja. Safari ya namna hii hainipiti.

Mbwa anaitwa Karafuu, kwa rangi yake. Alifundishwa Ulaya, kwenye chuo cha mbwa wa kuongoza wasioona, kisha Zuwena akamtia Kiswahili: "Twende", "Simama", "Tafuta mlango". Amefungwa mkanda wenye mpini. Mpini ukishikwa, yuko kazini.

Asubuhi tuliondoka, mimi nikiendesha. Bidbid, pale njia ya Sur inapoachana na ya Nizwa, tulisimama kunywa chai. Karafuu alimfikisha Zuwena mlangoni bila kugusa kiti wala mtu. Mwenye mgahawa akanyoosha mkono.

"Kelb mamnu." Mbwa marufuku.

Zuwena akampa karatasi za chuo, hakuzitazama. Tukanywa chai juani, kando ya gari. Mimi nilikuwa nachemka.

"Tulia," alisema Zuwena. "Njia ya kurudi ni hii hii."

Adhuhuri tulikuwa Ibra. Tulisali kwa zamu, mmoja akikaa na Karafuu kivulini. "Msikitini simwingizi," alisema Zuwena. "Haki yangu naijua, na inapokomea naijua."

Alasiri, Sur. Bi Shekha alitungoja kizingitini.

"Shikamoo, Bi Shekha."

"Marahaba. Na huyo bwana yuko wapi?"

"Bwana gani?"

"Kiongozi. Zuwena si aliniambia kwa simu anakuja na kiongozi wake? Nimemtandikia godoro majlis, chumba cha wageni. Mwanamume nisiyemjua sitaki apite ndani."

Karafuu akashuka garini. Bi Shekha akamtazama kuanzia masikio hadi mkia.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Khala."

"Mbwa, nyumbani kwangu, na mimi mtu wa kusali?"

Zuwena aliushika mpini kwa nguvu. Kukataliwa mgahawani amezoea. Kukataliwa hapa, asingejua abishe hodi wapi tena.

"Kuosha mara saba ulinifundisha wewe, Khala. Ni kwa chombo alichokilamba mbwa. Huyu halambi vyombo vya watu, ana bakuli lake. Nguo zangu za sala nimezifunga mbali. Lakini akilala garini, na mimi nalala garini."

Bi Shekha akapisha mlangoni. Kisha akasema, "Nani kataja gari, na godoro nimeshatandika? Huyu angalau havuti sigara."

Tulikaa siku tatu. Siku ya kwanza Zuwena alikwenda peke yake na Karafuu kununua mkate, na Bi Shekha akamfuata kwa nyuma, akijificha. Siku ya tatu Bi Shekha alikaa ndani na majirani akiwahadithia, na Zuwena aliporudi na mkate hakuulizwa kama amepotea.

Siku ya kurudi Bi Shekha alipanda nasi kwenda Maskati. Bidbid, Zuwena akaniambia nisimame. Mwenye mgahawa alikuwa yule yule, na neno lake lile lile.

Safari hii Zuwena hakutoa karatasi. "Ma kelb," si mbwa, akamjibu kwa utulivu. "Hadha dalil. Ukimkataa yeye, umenikataa mimi."

"Kalala majlis kwangu siku tatu," Bi Shekha akaongeza kwa Kiarabu, "na wewe unamzuia kwenye meza za plastiki?"

"Dalil," mwenye mgahawa akakariri, kama anayelipima neno. Akaisogeza meza ili njia iwe pana.

"Tafuta kiti," Zuwena akasema. Karafuu akampeleka, akajilaza chini ya meza.

Darasani nilifundishwa kwamba dalili ni wingu kabla ya mvua, au joto la mwili kabla ya homa. Bidbid, kwa binamu yangu, nilijifunza kwamba kwa Kiarabu dalil ni yule anayekuonyesha njia. Zuwena akalitoa bakuli la Karafuu mkobani, na mwenye mgahawa akalijaza maji kabla hajatuuliza sisi tunataka sukari kiasi gani.