Kiu ya Kinyonga wa Fundi

Fundi wa nguo wa soko la Kasongo hagusi cherehani kabla ya kumkamatia kinyonga wake panzi. Lakini juma zima kinyonga alisusa chakula; alififia juu ya tawi la mpera kando ya meza, macho yamedidimia, na maji aliyowekewa kwenye kifuniko hakuyatazama. Vidole vya fundi, vinavyoshona vifungo bila kuangaliwa, vikaanza kujichoma sindano. Leo alijaza maji mdomoni, kama afanyavyo kabla ya kupiga pasi ya makaa, akakipulizia kikwembe, kitenge cha Mama Pascaline, mteja aliyekuwa akingoja kando. Matone yakarukia majani ya mpera. Kinyonga akafumbua kinywa, akayaramba. Fundi akaweka pasi kando, akajaza mdomo tena, akayageukia majani.

"Baba fundi, na kikwembe yangu?"

Ikambidi ayameze maji ili ajibu: "Ngoja kidogo, mama. Huyu alifika mbele yako."