Bugobogobo Kando ya Lami Mpya

Jumanne basi letu la kwenda Iringa lilipata pancha kwenye lami mpya karibu na Igurusi, katika bonde la Usangu, na mama mmoja wa Kisukuma akashindwa kutulia. Tangu Mbeya, kila kituo alikuwa akiuliza watu kama wanamfahamu kaka yake, aliyehamia Usangu na ng'ombe wake.

“Mama, Usangu ni kubwa,” kondakta alimjibu kwa uchovu.

Mara ngoma ikasikika kutoka mashambani. Mama akasimama, akaanza kujipiga paja kwa kiganja.

“Mnasikia? Bugobogobo hiyo!”

“Ngoma tu hiyo, mama.”

“Si ngoma tu! Hiyo ya kulimia. Jembe linashuka hapa,” akapiga paja, “na hapa. Wanaolima ni watu wa kwetu!”

Akakatiza majanini bila kuaga. Tairi lilipokwisha kufungwa, dereva akapiga honi mara mbili, mara tatu. Mama akatokea mbio, na nyuma yake mwanamume mwenye jembe begani.

“Si kaka yangu,” alisema akihema, “lakini ni jirani yake. Nishushieni mzigo!”

Tulimpigia makofi. Mimi nimezaliwa hapo hapo Igurusi, na miaka yote mdundo ule nimeuita kelele za wageni.