Sheria ya Baba katika Nchi ya Mchanga

Kwa miaka minne nilikuwa naandika habari za nchi ambayo haipo. Ni jangwa tupu, nililitunga mwenyewe chumbani kwangu Shinyanga mjini, nikaliwekea watu, mila na serikali. Watu wa huko husalimiana kwa kuulizana kama wamekunywa maji. Hakimu wao husoma hukumu akiwa peku juu ya mchanga wa saa saba mchana, ili asiwe na maneno mengi. Waziri hapewi gari wala mlinzi. Anapewa kata moja ya kugawia maji, na akionekana anawatekea ndugu zake kwanza, kata inavunjwa mbele ya watu na uwaziri unaishia hapo. Serikali hiyo niliionea fahari sana. Kosa langu ni kumsomea baba.

"Kisima kiko mchangani?" aliniuliza, hata ukurasa wa kwanza sijaumaliza.

"Ndiyo, baba."

"Matimba yako wapi?"

Matimba ni yale magogo wanayopanga ukutani mwa shimo la dhahabu ili udongo usishuke. Upande wetu wa Mwakitolyo hata mtoto anayajua. Nikamweleza kwamba hiyo ni hadithi tu, na kule hakuna miti.

"Basi hao watu wako wameshafukiwa wote," akasema. "Unanisomea habari za maiti."

Halafu akataka kujua ng'ombe wako wapi, na kama hakuna ng'ombe wanaoa kwa kutoa nini, na ngamia mmoja ni sawa na ng'ombe wangapi. Nilikuwa nimejaza kurasa mia mbili bila kufikiria mahari hata mara moja. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

Lakini sikwenda kijijini kusoma hadithi. Nilikwenda kwa sababu baba alikuwa ametengwa.

Dada yangu, anayeishi naye, ndiye aliyenipigia simu akilia. Jirani yetu, rafiki mkubwa wa baba tangu ujana wao, alifariki, na baba hakwenda kuzika. Kijijini kwetu jambo hilo halina mjadala. Sungusungu, lile jeshi la jadi linalolinda kijiji, lina sheria: asiyeonekana makaburini wakati udongo unatupwa anatozwa mbuzi, na mpaka amtoe, hakuna wa kumsemesha ila watu wa nyumba yake. Hapewi moto, hapewi chumvi, hajibiwi salamu. Akifa kabla hajalipa, wanaomchimbia kaburi ni watoto wake tu. Baba ana miaka themanini na ushee. Mimi ndiye mtoto wake pekee wa kiume, mgongo wangu ni mbovu, na dada ana presha. Kijiji kimejaa wanaume wanaoshuka ardhini kila siku kutafuta riziki, na baba yangu angekosa hata mmoja wa kumchimbia kaburi.

Na mbuzi walikuwepo! Kumi na mmoja, wanalia nyuma ya nyumba kutwa nzima. Ningeelewa kama hana. Tena ningeelewa kama sheria ingekuwa ya mtu mwingine. Aliitunga yeye mwenyewe, zamani alipokuwa ntemi, yaani mkuu wa sungusungu. Hata kile kipengele kwamba hakuna kujieleza alikiongeza yeye, kwa kuwa, kama alivyokuwa akijisifu, alichoshwa na visingizio vya watu.

"Lipa mbuzi, baba, yaishe."

"Nikilipa nimekubali kwamba nilimdharau marehemu."

"Sasa si ulimdharau? Hukwenda."

Akageuza uso. "Soma kitabu chako."

Nilisoma siku mbili. Tulikaa barazani, mimi na makaratasi yangu, yeye na maswali yake juu ya ngamia, na watu wakawa wanapita kwenda machimboni. "Mwangaluka," wananiamkia mimi kwa Kisukuma, vizuri kabisa, wananiuliza habari za mjini. Baba, aliyekaa hatua moja kutoka kwangu, wanampita kama kiti chake ni kitupu. Kila walipopita alijifanya anatazama vidole vyake vya miguu. Niliwachukia wale watu, nikamchukia na yeye kwa ukaidi wake. Ningeweza kumpakia mbuzi kwenye bodaboda nimpeleke mwenyewe, lakini mbuzi wa faini hapokelewi mpaka anayemleta aape kwamba ametumwa na mkosaji mwenyewe. Hicho nacho ni kipengele chake.

Siku ya tatu nikaona nimtege. Alipokuwa amejinyoosha mchana nikaandika sura mpya: mzee mmoja wa jangwani, mtunga sheria maarufu, anakosa maziko ya rafiki yake, na hakimu anasimama mchangani kumhukumu. Alipoamka nikamsomea, nikanyamaza kabla ya hukumu.

"Wewe ungemhukumu vipi?" nikamuuliza.

"Hakimu amemuuliza huyo mzee kwa nini hakwenda?"

"Sheria yao hairuhusu kujieleza."

"Basi hakimu wako ni mpumbavu, hata ukimwunguza miguu."

Nikalipuka. Sijawahi kumpandishia baba sauti maishani mwangu, lakini siku ile nilisimama nikamwambia kwamba mpumbavu ni aliyeitunga sheria hiyo, na aliyeitunga ni yeye, na sasa inamtafuna mwenyewe huku mbuzi wananenepa nyuma ya nyumba. Mama wa nyumba ya pili aliacha kutwanga akatutazama.

Baba hakunijibu kwa hasira. "Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "leo ni siku ya tatu uko hapa. Na wewe hujaniuliza."

Ilikuwa kweli. Nilifika na hukumu mfukoni kama wenzangu wote. Nikakaa, nikamuuliza.

"Ni mkojo," akasema, akitazama barabarani. "Siwezi kuuzuia tena. Siku ile nilivaa suti, nikatoka. Nilipofika kona ya shule nikajikuta nimelowa mpaka viatuni. Watu wote wale makaburini, nikasimame mbele yao hivyo? Nikarudi."

Nguo zake alikuwa akizifua mwenyewe tangu masika, na dada alidhani ni kisirani cha uzee. Nilijisikia vibaya hata nikashindwa kumtazama. Nikamwambia huo ni ugonjwa wa wazee wengi, dawa zipo, na kwamba Shinyanga nitampeleka hospitali. Akakubali, kwa sharti moja: pale kijijini asisikie mtu.

Nikaenda kwa ntemi wa sasa. Ni rika langu, tulichunga pamoja. Nilimkuta kwenye karasha lake, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, anabadilisha mkanda. Nikamwambia kwamba sababu ya baba siwezi kuisema, lakini ipo, na nashangaa watu wazima wanamhukumu mzee bila hata kumuuliza.

Akafuta grisi mikononi. "Unafikiri hatukutaka?" akasema. "Mimi mwenyewe nimesimama pale mlangoni kwake mara mbili. Ila aliyetengwa hasemeshwi. Sasa nimuulizeje mtu nisiyeruhusiwa kumsemesha? Niambie wewe uliyesoma. Sheria ni ya mzee, siyo yangu."

Nilikuwa nimeunda serikali nzima kwa miaka minne, mawaziri na mahakimu, na tundu kubwa kiasi hicho sikuwahi kuliona. Nikarudi nyumbani nikamweleza baba maneno ya ntemi kama yalivyo. Nilitegemea abishe.

"Kulikuwa na mama mmoja," akasema badala yake. "Wakati wangu. Hakuja kumzika mama mkwe wake, tukamtenga. Siku moja alikuja hapa, akasimama pale uani asubuhi nzima. Alitaka kusema neno. Mimi nikageuza kiti nikampa mgongo. Alikaa ametengwa miezi minne, halafu akahama kijiji."

Akainuka kwa shida, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anavuta mbuzi wawili, kila mmoja na kamba yake. Mmoja, akasema, nimpeleke kwa ntemi na niape kwamba nimetumwa na yeye. Kamba ya huyo wa pili akaizungusha mwenyewe mkononi mwangu.

"Huyu mpelekee yule mama, Maganzo. Nasikia anauza chakula pale barabarani. Mwambie nimekutuma umuulize siku ile alikuwa na nini."

"Sawa, baba."

"Na akianza kusema," akaniambia, "usimkatize."