Rejeta ya Oili na Mama Mkwe

Laki mbili na elfu sita, na jogoo mmoja. Hiyo ndiyo gharama yote ya kulifungia gari langu rejeta ya oili na kuihamisha filta yake. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata pungufu ya hapo, nikafurahi, kisha nikakumbuka oili yenyewe.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na vitu tulivyokuwa tukivisikia tu vikaanza kufika Songea juu ya malori: redio, mitumba, baiskeli za gia, na magari yaliyozeeka Ujapani yakaja kuanza ujana wao kwetu. Mimi nilikuwa nikinunua mahindi Maposeni na kuyauza mjini. Faida nikaitia yote kwenye gari moja jekundu la milango miwili, lenye tabo, ile feni ya kuipulizia injini nguvu, lililowahi kukimbia mashindano huko lilikotoka. Aliyeniuzia alikuwa mfanyabiashara wa korosho wa Tunduru.

"Wallahi, ndugu yangu, hili si gari, ni mshale," alisema.

Nikamwuliza kama ni mshale, mbona amechoka kuurusha. Akacheka, akapunguza bei. Kwa barabara ya Tunduru ya wakati ule, nadhani mshale wake ulikuwa umechimba mchanga wa kutosha.

Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja. Kwenye tambarare lilikwenda kama mtu aliyemwona mdai wake. Mlimani, hasa ule mlima wa Lukumburu unapokwenda Njombe, oili ilichemka ikawa nyepesi kama chai ya msibani, taa nyekundu ikawaka, nasi tukaketi kando ya barabara tukisubiri injini ipoe. Yalitukuta hayo mara tatu. Mara ya tatu tulipitwa na trekta lililobeba mbao, na dereva wake akatupungia mkono. Mke wangu hajamsamehe hadi leo.

Mke wangu ni Mbena wa Njombe, na katika kubishana bei ndiye mtu pekee anayenishinda.

"Baba Watoto," aliniambia, "hela ya gari hili ingenunua mashine ya kusaga. Mashine haipandi mlima. Inakaa pale pale, watu wanaifuata na hela zao."

"Nipe nafasi moja."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Umeshasema moja."

Ikawa moja. Mama yake alikuwa kwetu akimlea mjukuu mchanga, na mwezi wa saba angerudi kwake Njombe. Sharti likawa hivi: nimpeleke mama kwa gari lile, kutoka mlango wetu hadi mlango wake. Nikisimama njiani kwa sababu ya oili, linauzwa, tunanunua mashine. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Nilimwona siku mbili mfululizo akilizunguka gari langu na kupiga matairi mateke kwa upole.

Nikalipeleka Mshangano kwa fundi mmoja, Mmatengo aliyejifunza kazi kwenye karakana za misheni na anayesema polepole kana kwamba maneno naye huyanunua. Alifungua boneti, akatazama kwa muda ambao ningeweza kuuza gunia.

"Oili yako ina homa," alisema, "nawe umeilaza jikoni."

Akanionyesha. Filta ilikaa ubavuni mwa injini, kiganja kimoja tu kutoka kwenye ekzosi. Kila kuibadilisha ilikuwa lazima uungue mkono, na oili ikipita pale haikupata pumziko. Dawa yake ilikuwa kuitoa filta pale, mahali pake ipachikwe sahani ya chuma yenye matundu mawili, oili itoke kwa paipu moja, ipite kwenye filta iliyohamishiwa karibu na betri penye nafasi, iende mbele kabisa kwenye rejeta yake ndogo, ipigwe upepo, irudi ndani kwa paipu nyingine.

Rejeta ndogo ilipatikana kwa muuza vyuma chakavu, ambaye alianza kwa bei ya rejeta mpya na kumalizia kwa bei ya chuma, baada ya mimi kuondoka dukani kwake mara mbili na kurudi mara tatu. Paipu zilitoka kwenye trekta lililokufa Maposeni. Zilizoea kubeba mafuta ya moto yenye nguvu, fundi alisema hazitapasuka. Sahani aliichonga mwenyewe, akaipima, akaichonga tena. Rejeta aliiosha kwa petroli mara nne, kwa sababu takataka moja ikibaki humo huenda moja kwa moja kwenye injini. Hapo nilimheshimu. Naye, kama mimi, ni mtu wa kuhesabu mara mbili.

Siku ya kuwasha aliijaza filta oili kwa mkono kwanza, kisha akachomoa waya wa moto na kuizungusha injini bila kuiwasha, ili oili ijae kwenye paipu kabla ya kazi kuanza. Akapima kwa kijiti. Akaongeza lita. Akapima. Akaongeza tena.

"Fundi, lilikuwa linakunywa lita nne."

"Sasa lina matumbo mawili."

"Na bei yako ina matumbo mangapi?"

"Yangu moja tu. Lakini kazi hii sijawahi kuifanya, kwa hiyo juu ya bei utaweka na shukrani." Shukrani ndiye yule jogoo.

Liliwaka. Tulipiga magoti pande zote mbili tukichungulia viungo vya paipu, na havikutoa hata tone. Fundi alifunga geji ndogo ya kuonyesha joto la oili, akanitakia safari njema.

Siku ya safari kulikuwa na baridi ile ya Julai inayofanya mtu aongee moshi. Madereva wa malori wa njia ya Njombe, baridi ikizidi, huziba rejeta kwa boksi ili injini ipate joto upesi. Mimi barabara nilijifunza juu ya malori yao. Nikakata boksi la sabuni, nikalichomeka mbele, nikalifunga kwa waya, nikajiona dereva.

Kwetu na kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani machoni, wala hawasemezani ila kwa kupitia mtu. Gari la milango miwili halijui desturi hiyo. Ilibidi nigeuke niutazame ukuta wakati mama akikunja magoti kuingia nyuma. Mke wangu akaketi mbele na mtoto.

Hadi Madaba mshale wa geji ulitulia katikati. Mlima ulipoanza, nao ukaanza kupanda. Nilipunguza mwendo, ukapanda. Mke wangu alikuwa na uso wa mtu anayechagua mahali pa kuweka mashine. Laki mbili na sita, nikawaza. Na jogoo.

"Mwanangu," sauti ikatoka nyuma, shubiri moja kutoka sikioni mwangu, "muulize baba wa mjukuu wangu."

"Baba Watoto, unaulizwa."

"Mwambie nasikia."

"Anasikia, mama."

"Lile boksi la sabuni huko mbele, anampelekea nani? Kama ni zawadi yangu aliingize ndani. Linanuka kuungua tangu kule chini."

Ndipo nilipokumbuka. Rejeta ya oili iko mbele ya ile ya maji. Nilikuwa nimenunua upepo kwa laki mbili, kisha nikauziba kwa boksi la bure.

"Mwambie mama, kama anataka kujisaidia naweza kusimama," nilisema.

"Sitaki," alijibu mama.

"Hataki," alisema mke wangu, kwa furaha.

Tukaenda kidogo. Mshale ulikuwa karibu na wekundu.

"Lakini miguu yangu imekufa ganzi," mama akasema. "Mwambie asimame niinyooshe."

"Mama!"

"Miguu ni ya nani?"

Nilisimama, nikang'oa boksi na waya wake. Mama alinyoosha miguu, mgongo kwangu, bila haraka hata chembe.

"Umesimama," mke wangu alinikumbusha.

"Nimesimamishwa. Na abiria. Sharti lilikuwa oili."

"Mwanangu," mama akaingilia, "mashine ya kusaga ina kelele. Nikija kwenu nataka kulala."

Mke wangu akacheka hadi mtoto akaamka. Tulipoanza tena kupanda, mshale ulishuka wenyewe na kutulia chini ya katikati. Tabo ilipiga mluzi. Tuliyapita malori mawili, kila moja na boksi lake.

"Muulize kama huu ndio mwisho wa mbio zake," sauti ya nyuma ilisema.

"Mwambie bado."

"Anasema bado, mama. Lakini usimchochee..."

"Basi anangoja nini?"

Tulifika mlangoni kwake kabla chai ya saa nne haijachemka. Majirani walitoka kutazama, naye akateremka kama aliyezoea.

Gari halikuuzwa. Ila tangu siku hiyo, kila mwezi konda wa basi la Njombe hunishushia salamu: mama ana ubatizo Makambako, mama ana msiba kwa dada yake, mama anaomba aletewe gari, si basi, na dereva aje mapema. Petroli yangu. Nimebishana bei na watu wa kila namna, lakini huyu siruhusiwi kumtazama, na anayetufikishia maneno ni binti yake, ambaye ya kwangu huyapunguza na ya mama huyaongeza. Wewe uliyewahi kumpunguzia mkwe safari bila kumvunjia heshima, nishauri: mtu huanzia wapi?