Mazishi Yaliyoonekana Kutoka Juu

Waandaaji walinichukua kuwa mkalimani wa Kisomali kwa sababu Kiswahili changu ni cha darasani na karatasi zao zilitaka angalau mwanamke mmoja ukumbini. Mkutano ulifanyika hotelini hapa Garissa, wa kushirikisha umma kuhusu sera ya kutumia akili mnemba katika ulinzi wa mpaka. Umma wenyewe ulikuwa wazee kumi na wawili wafugaji, walioitwa saa tatu wakaanza kushirikishwa saa sita, baada ya sambusa.

Mtaalamu alitoka Nairobi, mtu mpole wa suti. Alisema mataifa mengine yanakimbia na sisi hatuwezi kubaki tumekaa. Nikatafsiri. Akasema mashine haitampiga mtu bila binadamu kubonyeza kitufe. Abti wangu, kaka wa marehemu mama yangu, aliyekaa kiti cha mbele, akauliza ni binadamu gani huyo. Mtaalamu akajibu kwamba hilo litaamuliwa na kamati, na kamati itaundwa sera ikishapita. Nikatafsiri hilo pia bila kucheka, na mpaka leo najisifu.

Kisha akawasha projekta atuonyeshe video ya droni, ya majaribio yaliyokuwa yameshaanza. Wanaume kama ishirini walikuwa wakichimba haraka kando ya barabara ya Dadaab. Wakatandaza shuka juu ya shimo, wakashika pembe zake, wakateremsha chini yake kitu kirefu cheupe, wakafukia, wakatawanyika. Mashine ilikuwa imewazungushia kisanduku chekundu.

"Tazameni hapa," mtaalamu akasema kwa fahari. "Mashine imegundua yenyewe kwamba shuka ni la kuficha bomu lisionekane kutoka angani."

Kila mtu ukumbini, isipokuwa yeye na mashine yake, alijua kazi ya shuka hilo. Mwanamke akiteremshwa kaburini, wanaume humsitiri asionekane. Abti akasimama polepole. Alikuwa amejiona kwenye video, yule anayechechemea, na shuka lilikuwa lake.

Walikuwa wanamzika mama yangu. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo siku ile nilibaki nyumbani na wenzangu. Mazishi ya mama yangu niliyaona kwa mara ya kwanza pale hotelini, maikrofoni mkononi, ndani ya kisanduku chekundu.

Nilipoeleza, mtaalamu alitoa pole ya dhati. Halafu akachangamka. Alisema tuone jinsi utaratibu ulivyotulinda, kwani hakuna aliyepigwa. Abti akauliza kwa nini hawakupigwa. Ikabidi mtaalamu apekue karatasi zake: afisa wa kubonyeza kitufe alikuwa ametoka kula.

Abti aliomba kitu kimoja tu. Kisanduku kifutwe na mashine ifundishwe kwamba lile ni kaburi, kwa sababu tutaendelea kufa na tutaendelea kuzikana vile vile, na siku nyingine afisa huenda asiwe na njaa. Mtaalamu akasema alama haifutwi bila ushahidi. Akauliza, kibali cha mazishi je? Abti akamjibu kwamba porini hakuna anayeandika kibali, na mtu huzikwa kabla jua halijatua.

"Basi," akasema kwa upole ule ule, "tunaweza kutuma timu ikafukue, ithibitishe kilichomo."

Sentensi hiyo sikuitafsiri. Niliweka maikrofoni mezani. Lakini abti ameuza mbuzi sokoni kwa Kiswahili maisha yake yote, na hakunihitaji.

"Habana," akasema. "Mimi nimezika yeye mara moja, bas. Mashini yako ikae na shaka yake."

Mtaalamu akaandika kwamba familia imekataa kutoa ushirikiano. Karatasi ya mahudhurio ikazungushwa, wazee wakatia sahihi, na ndiyo maana sera inasema tulishirikishwa. Siku hizi wanaume wetu wakizika, mmoja husimama pembeni akitazama juu. Na mama yangu, aliyeogopa hata kuwasha jiko la gesi, katika kompyuta zao mpaka leo ni bomu.