Lango la Bwawa la Mwatiko

Chuo kilitupeleka Mafia wiki tatu tukajifunze ufugaji wa samaki kwa mikono, si kwa madaftari. Mimi natoka Bujumbura, mtoto wa ziwani, na nilikuwa mwaka wa pili wa masomo yangu huku Tanzania. Nimekulia kwenye mabwawa ya baba yangu mdogo, kwa hiyo nilijiona najua samaki kuliko wenzangu wote. Nikiyakumbuka majivuno yale natamani kujizaba kofi.

Kila mwanafunzi alipangiwa nyumba ya mwanachama mmoja wa kikundi cha wanawake wenye mabwawa nyuma ya mikoko. Mimi niliangukia kwa bi mkubwa mmoja, mzaliwa wa Jibondo, kisiwa kidogo cha jirani, mwembamba, ulimi mkali. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitazama viganja.

"Hii mikono imeshika jembe au imeshika simu?"

Siku mbili alinikataza kugusa chochote. Ya tatu akanipa jembe bila maelezo, tukaenda kuziba tuta lililotobolewa na kaa. Nilifurahi mno.

Samaki wenyewe ni mwatiko, weupe, wa maji ya chumvi. Bwawa lina lango moja la mbao linaloelekea mkondo wa bahari. Maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakijaa, unanyanyua mbao yaingie, na wavu uliowambwa langoni unazuia samaki wasitoke. Yakisimama, kabla hayajaanza kupwa, unashusha mbao. Ndiyo kazi yote. Wanachama hulishika lango kwa zamu, na anayepoteza samaki kwenye zamu yake hapati fungu siku ya mavuno. Kanuni hiyo waliiweka wenyewe na haina mkubwa wala mdogo. Bi mkubwa fungu lake alikwisha kulitilia nia: kuezeka jiko kwa bati, maana makuti yalikuwa yamechoka na mvua ilikuwa ikimwingilia mpaka chunguni.

Siku ya zamu yake, maji yalikuwa bado yanajaa alasiri ilipoadhiniwa. Akafunga kanga yake vizuri, akaniambia, "Mwanangu, nakwenda kuswali hapo tu. Yakisimama, shusha mbao. Usifanye jingine."

Nikaitika. Jingine ndilo nililolifanya.

Wavu ulikuwa umeziba kwa majani ya mikoko. Kwetu wavu ukiziba unautoa, unausugua, unaurudisha, na maji yanakungoja. Ziwa letu halijai wala halipwi, ulipoliacha asubuhi utalikuta jioni. Nikayatazama yale maji, yametulia kama ya kwenye beseni, nikasema nafasi ninayo. Nikauchomoa wavu, nikachuchumaa juu ya tuta nasugua kwa brashi, na wimbo juu. Sikujua kwamba maji mapya yakiingia, mwatiko wote hukusanyika langoni kuyafuata. Niliposikia maji yanachuruzika na kugeuka, yalikuwa yanatoka, na samaki wanatoka nayo, wakipigana vikumbo. Nikajitupa langoni kuziba kwa kifua. Tope likanimeza mpaka magotini, nikawa siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na wao wananipita kwapani. Nilipozifikia mbao na kuzishusha, bwawani walikuwa wamebaki wa kuhesabika.

Bi mkubwa alinikuta nimekwama palepale. Akautazama wavu juu ya tuta, akalitazama bwawa. Laiti angenitukana! Alinipa mkono, akanivuta, akasema, "Kajimwagie maji, chumvi itakuwasha."

Kesho yake wanachama walikutana kwenye banda la kuanikia mwani. Mwenyekiti akauliza lango lilikuwaje.

"Zamu yangu," bi mkubwa akasema. "Lango nililiacha mimi."

Nikasimama. "Mama zangu, ni mimi. Mimi ndiye niliyetoa wavu."

Bi mkubwa akacheka, kicheko chepesi kabisa. "Msikilizeni! Mtoto wa watu kala kwangu siku chache, sasa anataka kunibebea mzigo wangu."

"Mashallah," mwenyekiti akasema. "Huyu kalelewa. Wa kwetu wangekimbia."

Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kunisifu. Mmoja alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaniombea dua mimi na mama aliyenizaa. Kisha wakalifuta fungu la bi mkubwa bila ubishi, na yeye mwenyewe akanyoosha mkono kukubali. Nilikaa chini.

Njiani nilimlalamikia karibu kwa hasira. "Bi mkubwa, kwa nini? Nilisema kweli."

"Ulisema kweli, nimekusikia." Hakupunguza mwendo. "Na mimi nilimwachia mgeni lango, nikaondoka. Nikaseme nini mbele ya wenzangu, mgeni ndiye kaharibu? Nani atanipa tena mtu nimlaze nyumbani kwangu? Acha waniite mzembe. Hilo nitalibeba."

"Lakini fungu lako…"

"Ukilisema tena popote, utakuwa umenifanya mwongo mbele yao. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Mwalimu wetu alipopita siku ile kukagua, mwenyekiti alimweleza habari zangu, akafurahi, akaandika kwenye ripoti kwamba nina moyo wa kujitolea. Nilimtazama akiandika na sikufungua mdomo. Bi mkubwa alikuwa amesimama kando yangu.

Zilibaki siku tisa. Asubuhi ya kwanza alinitengea chai na mkate wa kumimina, kwangu kipande kikubwa, kwake ukingo ulioungua. Akakaa kunitazama kama ninakula vizuri. Nikala.