Nyota za Mtoto Mpole

Hadi leo nikisikia "Hongera, wewe ni bingwa!" natoka nje. Ndivyo ulivyokuwa unasema ule mchezo wa kusoma kwenye vishikwambi, kwa sauti ya dada mmoja mwenye furaha isiyokwisha, utadhani kila siku ni harusi yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ule ulijitembeza kwa tarumbeta na maputo.

Vishikwambi vililetwa kumi na mradi mmoja shuleni kwetu, huku milimani Mbulu. Mimi ni wa kuja, nimetoka Singida, na darasa la kwanza nilikuwa na watoto zaidi ya tisini, wengi wao nyumbani wanaongea Kiiraqw. Nilikuwa nimechoka, niseme ukweli. Mchezo unaonyesha herufi nne, sauti inataja moja, mtoto anagusa. Akipatia, nyota. Ijumaa unafungua orodha, unaona nani ana nyota ngapi, basi. Madaftari husahihishi, koo halikauki. Nikajiona nimepata.

Aliyeongoza alikuwa binti mmoja mpole, analelewa na bibi yake njia ya kwenda Nambis. Wenzake walibonyeza ovyo kama wanaua viroboto. Yeye alikaa mikono mapajani, anatazama, anatazama, kisha anagusa. Hakukosea hata mara moja.

Bibi alikuwa amemruhusu abaki jioni kwa masomo ya ziada ya kusoma, na ndama akawa anawachunga mwenyewe na magoti yake mabovu. Siku moja akaja shuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake.

"Mwalimu, huyu mtoto anajua kusoma sasa? Mimi sikusoma, sitaki awe kama mimi. Kama bado, abaki. Kama anajua, anisaidie ndama."

"Anajua, bibi. Ndiye wa kwanza darasani."

Nikamwonyesha na nyota zenyewe. Kesho yake binti hakubaki jioni, wala siku nyingine yoyote mwaka ule.

Karibu na kufunga shule wakaja wageni wa mradi na kamera zao. Wakataka mtoto bora. Nikamtoa yeye, kichwa kimenivimba. Wakampa karatasi yenye sentensi moja fupi, mama anapika uji. Akaishika vizuri kwa mikono miwili, akaitazama. Tukasubiri. Wageni wakatabasamu mpaka tabasamu likawaisha.

"Soma, mama," nikamwambia.

"Bado hazijatikisika, mwalimu."

Mgeni mmoja akasema ana aibu tu, wakampa kishikwambi akishike, wakampiga picha, wakapanda gari lao. Nikabaki darasani, nikafungua mchezo, nikakaa mikono mapajani kama yeye. Baada ya muda herufi sahihi ikaanza kutikisika yenyewe, kumsaidia mtoto aliyechelewa. Nikaigusa. Hongera, wewe ni bingwa!

Huku mtoto mwenye adabu hajibu haraka mbele ya mkubwa, anasubiri. Na yule dada wa kwenye mchezo kwake alikuwa mkubwa. Alimsubiri mwaka mzima, akalipwa nyota, na hakujifunza herufi hata moja. Waliotengeneza uchafu ule wananitia kinyaa. Ila wao hawakuwahi kumwona. Mimi nilimwona kila siku, na sikuwahi kumwandikia neno moja ubaoni nikamwambia asome. Kwa hiyo kinyaa kikubwa nilikuwa nacho juu yangu mwenyewe.

Jumamosi nikaenda kwa bibi. Nikamkuta uani anapukuchua mahindi na mjukuu wake. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba nilimdanganya, mtoto hajui kusoma, na kosa ni langu.

Bibi akacheka kidogo, akidhani natania. "Mwalimu, mbona ananisomea Biblia kila jioni? Tukishakula, anakaa pale, anafungua, anasoma. Nasikiliza mpaka mwisho."

Binti aliacha mahindi. Bibi akamtazama, na kicheko kikamfutika usoni.

"Ulikuwa unanisomea nini?"

"Maneno ya padre ya Jumapili, yale niliyoyakumbuka," akajibu, macho chini. "Mwalimu alisema ninajua."